Fahamu: Aktini, nyuzi zinazoisukuma seli

Aktini ni protini inayojiunga kuwa nyuzi zenye unene wa nanomita 7 hivi ndani ya seli. Nyuzi hizo huipa seli umbo na kuiwezesha kutambaa.

Nani anazisimamia?

Protini nyingine. Arp2/3 huchipuza tawi ubavuni mwa uzi, kwa pembe ya digrii 70 hivi. Kofilini hukata nyuzi zilizozeeka ili aktini itumike tena.

Zikiharibika?

Hitilafu kwenye jeni ya WAS, inayotengeneza protini ya kuiamsha Arp2/3, huleta ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, hasa kwa wavulana: ukurutu, kuvuja damu, maambukizi yasiyokwisha.

Wezi nao wapo

Bakteria wa Listeria, wajanja kweli, huiteka Arp2/3 hiyohiyo na kujisukuma hadi seli ya jirani.