Kwa nini ngoma za Kilombero hulia kiangazi, na sheshe anahusikaje?

Mpunga ukishavunwa, maswali yanayoingia studio hubadilika. Masika wasikilizaji wetu huuliza habari za mvua, barabara na mbegu. Ikifika Juni wanauliza ngoma: harusi iko wapi, kikundi gani kinapiga, sangula itachezwa lini. Msikilizaji mmoja akatuuliza jambo ambalo hatukuweza kulimaliza hewani: kwa nini wapigaji wetu wana kazi kiangazi tu? Tumeona tuliandikie, kwa sababu jibu lake linaanzia kwenye ngozi ya ngoma na linafika hadi mbugani.

Maji ndiyo kalenda

Bonde la Kilombero linapokea maji kutoka milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za Mahenge upande mwingine, pamoja na mito kama Mnyera, Ruhuji na Mpanga. Kati ya Machi na Aprili mto hutanda nje ya kingo zake na bonde linakuwa kama ziwa. Hapa Ifakara, Lumemo ukifurika, ipo mitaa ambayo watu huvua viatu ili wafike nyumbani.

Wakati huo nani acheze? Wakulima wako mashambani wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Njia za vijijini hazipitiki. Fedha za mwaka jana zimekwisha na za mwaka huu bado ziko shambani. Mavuno yakianza Mei na kuendelea hadi Julai, hali inageuka. Ghala lina gunia, mfuko una chochote, na mahari, unyago na matanga yaliyosubiri sasa yanapangiwa tarehe. Mpigaji aliyekuwa na jembe mkononi tangu Desemba anarudi kwenye ngoma yake. Kwa wengi wao hiyo ndiyo miezi ya kupata fedha za mahitaji ya shule.

Ngozi haipendi unyevu

Ipo sababu nyingine, ya ala yenyewe. Ngozi iliyowambwa hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa, inalegea, na sauti ya ngoma inashuka na kuwa nzito kama mtu mwenye mafua. Ndiyo maana kabla ya kuanza utaona wapigaji wamewasha moto wa nyasi kavu na kuzielekeza ngoma zao kwenye joto, huku mmoja akigonga na kusikiliza. Ngozi ikikauka inakaza, na sauti inapanda. Kiangazi moto mdogo unatosha kwa saa kadhaa. Masika utakausha, utapiga nyimbo mbili, halafu itabidi urudi motoni.

Zamani ngozi hiyo ilitoka porini: swala wa aina mbalimbali, na kwa ngoma ndogo hata kenge. Leo ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ngozi ya mbuzi inafaa vizuri, na ya ng'ombe inafaa kwa ngoma kubwa.

Sikio linalofunzwa na pori

Mpigaji wa bondeni mara nyingi ni mvuvi au mkulima pia. Usiku wa kambi ya uvuvi anasikia kiboko akikoroma majini, vyura wakipokezana, na alfajiri furukombe akiita juu ya mto. Anayaijua mabadiliko ya msimu kwa sauti kabla hajayaona kwa macho. Wandamba, wenyeji wa mto huu, walikuwa na mafundi wa uwindaji wenye miiko na dawa zao, na desturi hizo ziliandikwa tangu mwaka 1926.

Thamani ya sikio la namna hiyo hata wataalamu wanaijua. Mwaka 1990 sayansi ilimpa jina mnana wa Kilombero, ndege wa manjano anayejenga kiota kwenye matete ya bonde hili. Ndege wengine wawili wadogo wa majanini walikuwa wameonekana na kusikika hapa tangu miaka ya 1980, lakini walipewa majina rasmi mwaka 2021. Wanafanana mno na ndugu zao wa kwingine, na nyimbo zao ni sehemu ya kilichowatofautisha.

Si jambo la kijijini tu

Kuna wanaodhani msanii anayefuata majira ni wa kijijini asiyeendelea. Tuwakumbushe Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003. Alizaliwa katika familia ya wafugaji, na ala zake, ilimba na zeze, ni za jamii hiyo. Alizipeleka hadi matamasha ya WOMAD huko Ulaya, ambako matamasha mengi ya uwanjani hufanyika Juni hadi Agosti, wakati wa majira yao ya joto. Ni miezi ileile ambayo hapa kwetu mpunga umevunwa na njia zimekauka. Kwao na kwetu, watu hukusanyika uwanjani pale hali ya hewa inaporuhusu.

Kiangazi kina pande mbili

Sasa tuje kwa sheshe, swala mwekundu wa kando ya maji. Kwa miaka mingi Kilombero ilitajwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Masika, mafuriko yanamsukuma kwenda pembezoni mwa bonde. Kiangazi anashuka kufuata majani mabichi karibu na mto. Leo pembezoni kuna mashamba na makazi, na katikati kuna mifugo na moto. Hana pa kwenda masika, na kiangazi anakuwa amekusanyika sehemu moja, wakati njia zinapitika na mwindaji haramu anafika kwa pikipiki. Idadi yake imeshuka sana.

Msimu unaotupa ngoma ndio unaomweka sheshe hatarini. Na sherehe zetu zinahusika, kwa sababu penye ngoma pana chungu, na nyama isiyo na kibali hutafuta chungu.

Bonde lilitangazwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, karibu hekta 800,000. Maji yake ni zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Lakini tangazo halilindi kitu likiachwa kwenye karatasi. Mkulima anahitaji shamba, mfugaji anahitaji malisho, na hatusemi aondoke yeyote. Tunasema mto ukikosa matete na majani ya kushikilia maji, mpunga utayumba, na mpunga ukiyumba hakutakuwa na harusi ya kupigia ngoma.

Kwa hiyo msimu huu, ukimwalika mpigaji, muulize ngoma yake imewambwa ngozi gani. Ukiandaa sherehe, muulize mpishi nyama imetoka wapi. Kisha mlipe mpigaji haki yake yote siku hiyohiyo, kwa maana hadi Juni nyingine ni mbali.