Mshauri Huyu Hulipwa na Nani?

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kumchagua mtu wa kutushauri katika mambo ya fedha. Labda utasema, "Mimi sina mali, mshauri wa nini?" Lakini iko siku hata mtu wa kipato kidogo hushika fedha nyingi kwa mara moja: siku ya kupokea kiinua mgongo, au ya kuuza shamba. Siku hiyo washauri huja wenyewe bila ya kuitwa.

Twamjua mwalimu mmoja mstaafu. Fedha zake zilipofika, kijana mmoja aimbaye naye katika kwaya alimjia jioni na karatasi. "Mwalimu, tia sahihi hapa tu, mengine niachie mimi." Mwalimu alimpenda kijana yule, maana ndiye aliyemfundisha kusoma. Hata hivyo alimwuliza, "Mwanangu, wewe hulipwa na nani?" Kijana alisita, kisha akasema kweli: alikuwa wakala wa bima ya maisha, na shirika lilimpa kamisheni kwa kila aliyetia sahihi. Huo si wizi. Lakini mwenye kuuza maembe hatakushauri ununue machungwa! Tena bima ile ilitaka malipo ya kila mwezi kwa miaka mingi, na aiachaye mapema hurudishiwa kidogo, pengine asipate kitu.

Basi swali hilo lije kwanza. Yuko mshauri unayemlipa ada wewe mwenyewe, na yuko alipwaye na mwenye kuuza. Huyu wa pili aweza kuwa mwaminifu, ila yakupasa ujue kamisheni yake ni shilingi ngapi.

Kisha uliza leseni. Hapa Kenya washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Mawakala wa bima huandikishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Usitosheke na karatasi anayokuonyesha. Iulize mamlaka yenyewe kama jina lake limo.

Hapo ndipo wengi wetu huona haya. Twawezaje kumdai leseni ndugu tuliyesali naye Jumapili? Lakini twakumbuka miaka ya 2006 na 2007, vyama vya piramidi vilipoanguka nchini, vile vilivyowalipa wa kwanza kwa fedha za waliokuja nyuma. Baadhi vilikuwa vimeenea makanisani, na watu waliviamini kwa sababu aliyewaalika alikuwa mtu wa kwao. Yesu mwenyewe, katika mfano wa mjenga mnara, alimtaka aketi kwanza apige hesabu. Hatukosi adabu tukipiga zetu mbele ya ndugu.

Akikuahidi faida kubwa isiyo na hatari, au akisema nafasi yafungwa kesho, msindikize mlangoni. Wala fedha zisipitie mkononi mwake au katika simu yake. Zilipe katika akaunti ya shirika, upewe stakabadhi.

Mwalimu wetu alikaa wiki tatu akiuliza-uliza, fedha zikiwa benki. Mwishowe aliikataa bima ile. Kijana hakukasirika, na Jumapili bado huimba pamoja.