Uadimu wa Kupangwa Kiwandani

Mnamo Desemba 2015, gari moja aina ya Land Rover Defender lilipigwa mnada jijini London na kununuliwa kwa pauni 400,000. Lilikuwa la milioni mbili katika ukoo ulioanza mwaka 1948. Kwenye madigadi yake ilichorwa ramani ya Red Wharf Bay, ufuo wa Wales ambako mhandisi Maurice Wilks alichora umbo la gari la kwanza mchangani.

Mnada huo siulaumu. Fedha ziligawiwa shirikisho la Msalaba Mwekundu na shirika la Born Free, ambalo chimbuko lake ni filamu ya 1966 iliyohusu Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson hapa Kenya. Adamson mwenyewe aliuawa kwa risasi kule Kora, Agosti 1989, akiwa katika Land Rover yake, akikimbilia kumwokoa mgeni aliyevamiwa na majambazi. Sijaona mahali gari lile likihesabiwa miongoni mwa matoleo maalumu.

Yapo matoleo ambayo uadimu wake una sababu ya haki. Defender 110 zilizopelekwa Marekani mwaka 1993 zilikuwa 500 tu, karibu zote nyeupe, nazo zilivishwa kizimba cha vyuma kwa nje ili kutimiza sheria za usalama za huko. Sheria zilipozidi kukazwa na kudai mifuko ya hewa, biashara hiyo ilikoma baada ya 1997. Hapo uchache haukupangwa na mfanyabiashara peke yake.

Lakini tazama yaliyofuata. Kiwanda cha Solihull kiliunda Defender ya mwisho ya aina ile kongwe tarehe 29 Januari 2016. Mnamo 2021 kampuni ilichukua magari yaliyokwisha kutumika, ikayatia injini ya V8 yenye nguvu za farasi takriban 400, ikayapaka rangi ya manjano na kuuza 25 tu, kila moja kwa pauni 195,000 au zaidi. Manjano hayo yaliazimwa kutoka kwa magari ya Camel Trophy, mashindano ambayo mwaka 1991 yalipita Tanzania hadi Burundi katika matope na vumbi. Yaani sifa ya kutoa jasho imegeuzwa rangi ya dukani, na aghalabu mnunuzi wake ni mtu anayeogopa hata mkwaruzo mmoja.

Hapa kwetu Land Rover ilijipatia heshima kwa kubeba mkuu wa wilaya, maiti, mbuzi na mwalimu mgeni, mara nyingine kwa safari moja. Ningependa kuona walau moja kati ya hizo 25 ikitoka Marsabit kwenda North Horr, Chalbi ikiwa imelowa mvua, na mwenyewe akiwa nyuma anasukuma.