Taa za msaada na sekunde zake

Mji unapopewa msaada wa kubadilisha taa za barabarani, siku ya uzinduzi watu hupiga picha nguzo mpya zilizopakwa rangi. Mimi huenda moja kwa moja kwenye sanduku la chuma lililosimama pembeni ya makutano, lile lenye kufuli. Ndani yake mna kontrola, mashine inayogawa sekunde: upande huu upite kwa muda gani, ule ungoje kwa muda gani. Mgawanyo huo ukikosewa, hata taa za bei ghali kuliko zote hazitaondoa foleni.

Hesabu yake inajulikana tangu mwaka 1958, ilipochapishwa na Mwingereza F. V. Webster, na mafundi wa taa wanaitumia hadi leo. Kila taa zinapobadilika, sekunde kadhaa zinapotea: dereva wa mbele anachelewa kuondoka, wa mwisho wa upande wa pili bado anamalizia kuvuka. Tuseme makutano ya barabara mbili yanapoteza sekunde 8 katika kila mzunguko. Zidisha 8 kwa 1.5, ongeza 5, unapata 17. Sasa gawa 17 kwa sehemu ya uwezo wa makutano ambayo haijatumika. Magari yakiwa yamejaza asilimia 60 ya uwezo, unagawa kwa 0.4, na mzunguko unaofaa ni kama sekunde 43. Yakijaza asilimia 80, sekunde 85. Yakifika asilimia 90, sekunde 170. Tazama jinsi namba inavyoruka: kutoka 80 hadi 90 magari yameongezeka kidogo tu, lakini mzunguko umekuwa maradufu. Ndiyo sababu makutano yaleyale yanapitika vizuri saa nne asubuhi na kukwama saa moja.

Hapo ndipo polisi wa rulaje, yule wa usalama barabarani, anapoingia katikati ya barabara. Dar es Salaam na Nairobi watu wamezoea kumwona askari akiongoza magari kwa mkono chini ya taa zinazowaka. Simlaumu, maana mara nyingi taa hizo zilipangiwa sekunde siku ya kufungwa, mji ukakua, na hakuna aliyerudi kuzipanga upya. Lakini mkono wake una hasara yake. Akiachilia upande mmoja dakika tano au kumi, ile foleni iliyokuwa ikingoja inakwisha mapema, halafu yanapita magari machachemachache, huku upande uliozuiwa ukijaa hadi kwenye makutano ya nyuma asiyoyaona. Kampala, kwa msaada wa Japani kupitia shirika la JICA, imeshughulikia jambo hilo kwa kuunganisha taa za makutano mengi na kituo kimoja cha uongozi, ili sekunde za hapa zijue za kule.

Msomaji wa Kiambi ataniuliza haya yanamhusu nini, naye kule kwenye mto Luvua barabara yake ni ya baiskeli na pikipiki. Yanamhusu siku anapofika Kalemie. Tangu mwaka 2015 Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika, hapa Kongo, na mji wa namna hiyo hauchelewi kuhitaji taa. Swali la kwanza litakuwa umeme. Kalemie hutegemea kituo cha umeme wa maji cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, na umeme ukikatika taa inakuwa nguzo tu. Bahati nzuri, taa zenyewe zimebadilika. Balbu ya zamani ilikula wati 60 hadi 150, ya LED inatosheka na kama 10. Makutano yenye vichwa vinane vya taa, kimoja kikiwasha rangi moja kwa wakati, yalihitaji karibu wati 800. Sasa yanahitaji kama 80, mzigo ambao betri na paneli chache za jua zinaubeba usiku na mchana.

Kinshasa ilikwisha kuonyesha hilo. Mwaka 2013 injinia Thérèse Izay Kirongozi na shirika lake, Women's Technology, walisimamisha barabarani roboti za alumini zenye urefu wa mita 2 na zaidi: ziligeuza kifua, ziliinua mikono yenye taa nyekundu na kijani, zilikuwa na kamera, na zilikula jua. Mwaka 2015 zikaongezwa nyingine. Dunia ilizishangaa kwa umbo lao. Mimi nazipendea kwamba ziliundwa Kinshasa kwenyewe, kwa hiyo aliyeunda mkono alikuwa karibu mkono ukivunjika.

Taa za msaada hazina bahati hiyo. Katika misaada ya Japani, kwa mfano, mkandarasi mkuu kwa kawaida ni kampuni ya Kijapani, na masharti yanasema wazi kwamba uendeshaji na matengenezo ni juu ya anayepokea. Sharti hilo ni la haki. Ila meya anayetia sahihi bila kutenga mshahara wa fundi na fedha za vipuri amekubali kazi ambayo hana wa kuifanya.

Na mtu asiseme Kongo hatuwezi. Daraja la Matadi lilijengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa mwaka 1983, likiwa na urefu wa mita 722. Limevuka miaka ya vita, na bado linabeba malori. Linatunzwa na shirika la Kikongo, OEBK: magari yanalipa ushuru wa kupita, na fedha hizo zinawaweka mafundi kazini, wanaolikagua na kulipaka rangi. Kalemie ikiletewa taa, kabla ya kutia sahihi iulize ni ushuru gani, wa maegesho au wa taksi za pikipiki, utakaomlipa yule atakayeshika ufunguo wa lile sanduku na kuzipanga sekunde upya kila mwaka.