Betri za Mfuatano kwa Kikuza Sauti cha Gari

Nguvu ya umeme ni zao la volti na mkondo. Kikuza sauti cha gari kihitajicho wati 2,400 huvuta ampea 200 kutoka betri ya volti 12. Upotevu katika waya hulingana na mraba wa mkondo. Hivyo waya wenye ukinzani wa omu 0.005 hupoteza wati 200 kama joto.

Betri nne zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 48. Mkondo hushuka hadi ampea 50, na waya uleule hupoteza wati 12.5 tu.

Hata hivyo, kikuza sauti kilichoundwa kwa volti 12 kitaungua. Altaneta itoayo volti 14 hivi haiwezi kuchaji mfuatano huo bila chombo cha kupandisha volti. Aidha, fyuzi sharti iwe karibu na betri, kwani shoti moja huweza kuliteketeza gari.