Nitazame Nini? Anza na Zile Zinazojua Kumalizika

Umetazama nini siku hizi? Swali hili huulizwa saluni, huulizwa kwenye daladala, huulizwa kwenye magrupu ya WhatsApp kila Ijumaa jioni. Majibu nayo hayakosekani. "Itafute hii, hutajuta." "Ile ni moto." "Stelingi wa ile ni hatari." Mtu anaondoka na majina matano na hajui hata moja linahusu nini. Ananunua bando, anakesha, na akifika sehemu ya nane anagundua kuwa alichoshauriwa hakikuwa chake.

Kumshauri mtu atazame tamthilia ni kumwomba saa zake. Tamthilia ya Kikorea yenye sehemu 16, kila sehemu kama saa nzima, ni saa 16 za mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi. Ukimwomba mtu kiasi hicho, una wajibu wa kumwambia kwa nini, atazame na nani, na kipi kitamkera. Hayo ndiyo nitakayojaribu kuyasema kuhusu tamthilia tatu nilizozitazama karibuni. Moja nitaikalia zaidi kwa sababu inastahili. Zote tatu zina sifa ninayoithamini kuliko nyingine yoyote: walioziandika walijua zinaishia wapi.

Ya kwanza ni Adolescence, ya Uingereza, iliyotoka Netflix tarehe 13 Machi 2025. Ina sehemu nne tu. Imeandikwa na Jack Thorne na Stephen Graham, na Graham huyo huyo ndiye anayeigiza baba, Eddie Miller, fundi bomba. Asubuhi na mapema polisi wenye silaha wanavunja mlango wa nyumba ya Eddie, wanapanda ngazi na kumkuta wanayemtaka: Jamie, mwanawe wa miaka 13. Anashukiwa kumuua kwa kisu Katie, msichana wa shuleni kwao. Mtoto amejikojolea kitandani kwa hofu. Polisi wanampa nafasi abadilishe suruali, na kuanzia hapo mtazamaji hana pa kupumua.

Hana pa kupumua kwa sababu ya namna ilivyopigwa picha. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikuzimwa tangu mwanzo hadi mwisho. Inapanda gari la polisi pamoja na Jamie, inashuka naye kituoni, inasubiri wakati anachukuliwa alama za vidole. Ikifika zamu ya kumvua nguo na kumpekua, kamera haimwangalii mtoto. Inabaki kwenye uso wa baba aliyesimama pembeni, akilazimika kushuhudia na hana la kufanya. Sijaona kwa muda mrefu uso wa mwigizaji ukibeba mzigo kama ule bila neno hata moja. Na fikiria kazi yenyewe: mtu akikosea dakika ya hamsini, wote wanarudi mwanzo. Sehemu ya kwanza tunayoiona ni jaribio la pili, na ya nne ni jaribio la 16.

Usiitazame kwa hamu ya kujua nani ameua. Swali hilo linajibiwa kabla sehemu ya kwanza haijaisha, na jibu silimwagi hapa. Saa zinazobaki zinauliza jambo jingine: watoto hawa walikuwa wakiishi wapi, wakati wazazi walidhani wako salama vyumbani mwao?

Sehemu ya pili inatupeleka shuleni. Mpelelezi Bascombe amesoma maneno ambayo Katie aliyaandika kwenye Instagram ya Jamie, na kwa macho yake ameona urafiki. Mwanawe, Adam, anasoma shule hiyo hiyo. Anamwita baba yake pembeni na kumweleza, kwa aibu ya mtoto anayemwonea baba yake huruma, kwamba hakuelewa kitu. Zile emoji, kidonge chekundu, alama ya 100, mioyo ya rangi mbalimbali, kila moja ilikuwa na maana yake, na maana hizo zilikuwa dharau na kejeli. Wanafunzi waliona na wakaelewa. Mtu mzima aliyelipwa kuchunguza kesi alipita juu yake.

Hapo ndipo tamthilia ya mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza inapoingia mitaa yetu ya Mbagala na Kayole. Tunawanunulia watoto simu janja wakimaliza mtihani, tunajua bei ya simu na bei ya bando, lakini tukipewa simu hiyo tusome maongezi yao tutakuwa kama Bascombe. Wale wanaume wa mtandaoni wanaowafundisha vijana wa kiume kuwachukia wanawake, ambao tamthilia inawataja, wanafuatwa huku kwetu pia, kwa lugha yetu, na wana waigaji wao wa hapa hapa.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonikaa moyoni. Chumba kimoja, meza moja, watu wawili: Jamie na mwanasaikolojia Briony Ariston, anayeigizwa na Erin Doherty. Amemletea chokoleti ya moto na nusu ya sandwichi yake. Wanataniana. Kisha anaanza maswali ya kawaida kabisa: babu yako yukoje, baba yako yukoje, kuwa mwanamume maana yake nini. Yule mtoto mpole ghafla anasimama na kumfokea mtu mzima mpaka mwili unakusisimka, na baada ya muda mfupi ni mtoto tena, anaulizia kama anapendwa. Owen Cooper, anayemwigiza Jamie, hakuwa amewahi kufanya kazi ya uigizaji mbele ya kamera kabla ya hii, na sehemu hiyo ngumu kuliko zote ndiyo iliyotangulia kupigwa picha. Septemba 2025 alipata tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15, mwanamume mdogo kuliko wote kuwahi kushinda tuzo hiyo kwa uigizaji.

Lalamiko langu ni moja. Katie hatumjui. Tunakutana na rafiki yake mwenye hasira na uchungu, kisha basi, hatuoni nyumba ya kwao wala mama yake. Ndani ya tamthilia yumo askari wa kike, Misha Frank, anayelisema jambo hilo waziwazi: kila mtu atamkumbuka Jamie na hakuna atakayemkumbuka msichana. Waandishi walijua, basi, na wakaliacha kama lilivyo. Mimi ningewaomba sehemu ya tano, ya familia ile nyingine.

Uingereza ilipokea kazi hii kwa uzito. Mwezi ule ule wa Machi Waziri Mkuu Keir Starmer aliunga mkono mpango wa kuionyesha bure katika shule za sekondari. Ni jambo jema, ingawa naamini mahali pake hasa ni sebuleni, mzazi akiwa amekaa hapo.

Ya pili ni ya Korea Kusini, When Life Gives You Tangerines, ambayo Netflix iliitoa Machi huo huo wa 2025, sehemu nne kila wiki mpaka zikatimia 16. Ni maisha mazima ya mke na mume wa kisiwa cha Jeju, Ae-sun na Gwan-sik, tangu utotoni hadi uzeeni. Mama yake Ae-sun ni miongoni mwa wanawake wa kisiwa hicho wanaopiga mbizi baharini bila mtungi wa hewa kutafuta riziki, na anataka binti yake afanye kazi yoyote isipokuwa hiyo. Binti anataka kuwa mshairi. Gwan-sik si msemaji. Akiwa kijana anauza kabichi za Ae-sun sokoni ili mwenyewe apate nafasi ya kusoma kitabu.

Kuna tukio ambalo watu wa Pwani na Visiwani watalielewa bila kuelezwa. Nyumbani kwa wakwe wa Ae-sun, wanaume wanakula meza yao, wanawake na watoto meza yao, na kilicho bora kinakwenda kwa wanaume. Siku moja Gwan-sik, bila kutoa hotuba, anageuka pale alipoketi, anawapa mgongo wanaume wenzake na kuelekea meza ya mkewe na binti yake. Hakuna anayepigwa, hakuna anayelia kwa sauti. Lakini ukoo mzima umetikisika, na ndoa ile tangu hapo unaiamini. Itazame na mama yako kama yu hai. Mwanzoni huenda mwendo wake ukakuchosha, kwa sababu inaruka kutoka zama hadi zama. Vumilia hadi sehemu ya tatu.

Ya tatu ni ya nyumbani. Country Queen ilitoka Netflix tarehe 15 Julai 2022, na watu wengi wanaipendekeza kwa sababu moja tu, kwamba ni tamthilia ya kwanza ya Kenya kutengenezwa kwa ajili ya mtandao huo. Sababu hiyo haitoshi kumkalisha mtu. Sababu ya kuitazama ni ardhi. Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, amejenga maisha yake Nairobi kwa kuandaa hafla za wenye fedha. Anarudi kijijini Tsilanga baada ya miaka 10 na kukuta kampuni ya uchimbaji, Eco Rock, inataka dhahabu iliyo chini ya mashamba ya watu, pamoja na ya kwao. Mkuu wa kampuni hiyo ni mwanamke, Vivienne Sibala, na Nini Wacera anamwigiza kwa utulivu unaotisha kuliko kelele. Mume wa Vivienne ndiye mpenzi wa siri wa Akisa. Mapenzi na mgodi vimefungwa pamoja, hukifungui kimoja bila kugusa kingine.

Kinachonifurahisha zaidi ni maneno ya watu. Wazee wanaongea Kikamba kama wanavyoongea wazee, mjini wanachanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza, na hakuna anayesimama kutafsiri ili mgeni afuate. Udhaifu wake ni kwamba mambo ni mengi kwa sehemu sita: mimba ya zamani, deni, usaliti na mgonjwa kitandani, na baadhi yanafungwa harakaharaka. Hata hivyo mtu wa machimbo ya Geita au ya Migori hatahitaji kuambiwa hadithi hii inamhusu vipi.

Sisemi haya kuzidharau tamthilia zetu za kila jioni. Zina kazi yake, na mimi ni mtazamaji wake. Isidingo ya Afrika Kusini ilianza 1998 ikaisha 2020, na kwa miaka mingi ITV ya hapa Tanzania iliileta sebuleni kwetu. Maria ilishika jioni za Citizen TV tangu 2019 hadi 2021, ikafuatiwa na Zora, kisha Sultana. Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures, wameingiza Kiswahili cha Pwani kwenye nyumba za watu ambao walikuwa wakikisikia tu kwenye taarifa ya habari. Huku Tanzania, Jua Kali ya mwongozaji Lamata imewapa vijana wengi kazi ya kudumu, na mwigizaji mwenye kazi ya kudumu hujifunza. Kabla yao kundi la maigizo la Kaole lilitulea pale ITV, na kundi hilo ndilo lililomtoa marehemu Steven Kanumba.

Lakini tamthilia inayolipwa na matangazo ya jioni haina sababu ya kuisha maadamu watazamaji wapo. Hadithi ikikauka, analetwa pacha aliyepotea. Ikikauka tena, mtu anapata ajali na kusahau jina lake. Mwandishi anajua analofanya, nami simlaumu. Ratiba ya kutoa sehemu mpya karibu kila siku haimpi nafasi ya kufikiri. Anayepoteza ni hadithi yenyewe, kwa kuwa msichana aliyeanza na ndoto inayoeleweka anaishia kukimbizwa na maadui wapya kila mwezi, na ile ndoto hakuna anayeikumbuka.

Tunaweza kutengeneza fupi, na tulishafanya hivyo. Siri ya Mtungi ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Karabani, ilimfuata Cheche, mpiga picha kijana wa Bagamoyo, na misukosuko ya ndoa yake na mkewe Cheusi. Picha zake zilikuwa safi, maongezi ya watu yalikuwa ya mitaani kweli, na ilikuwa na jambo la kusema kuhusu tunavyodanganyana ndani ya nyumba. Kazi ile ilipata fedha za wafadhili. Leo kampuni za televisheni zina watazamaji, zina waigizaji waliokomaa, zina mafundi. Zikitenga fedha za mwaka mmoja kwa tamthilia ya sehemu sita, iliyoandikwa hadi mwisho kabla kamera haijawashwa, watazamaji tutaifuata.

Nawe msomaji, ukishatazama mojawapo ya hizi, mpendekezee mwenzako kwa haki. Mwambie inahusu nini, ina sehemu ngapi, na nani asiitazame. Usimwage mtama penye kuku wengi: aliyefika sehemu ya pili haambiwi ya nne.

Na kama una kijana wa kiume wa sekondari, wikendi hii anza na Adolescence. Ina matusi na maneno mazito, kwa hiyo wadogo walale kwanza. Washa maandishi ya chini ya skrini, kwa kuwa lafudhi ya wahusika ni nzito. Kaeni pamoja, simu zote zikiwa mbali, yako ikiwamo. Sehemu ya pili ikiisha, muulize zile emoji kwao shuleni zina maana gani, kisha msikilize bila kumkatiza.