Njiwa wa Lami na Chokaa

Katika vilabu vya kupiga shabaha vya Uingereza na Marekani yuko njiwa ambaye hakupata kuanguliwa, hana bawa wala ukucha, na ambaye, ijapokuwa watu humwita njiwa wa udongo, hana hata chembe ya udongo mwilini mwake. Ni kisahani cha duara, upana wake sentimita 11 hivi na uzito wake gramu 105 au zaidi kidogo, kilichotengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, chenye mgongo uliobinuka mfano wa bakuli lililofudikizwa. Sharti kiwe kigumu kiasi cha kustahimili mkono wa chuma unaokirusha kwa nguvu, na papo hapo kiwe dhaifu kiasi kwamba marisau machache tu yakikigonga hewani kimeguke; na kuzipatanisha tabia hizo mbili katika kitu cha bei rahisi ni kazi iliyowataabisha mafundi wa karne ya 19 kwa muda.

Asili yake ni damu. Waungwana wa Uingereza wa zama hizo walikuwa na ada ya kutia njiwa hai katika visanduku vyenye vifuniko, mtumishi akakaa kando na kamba mkononi, na mpigaji alipokuwa tayari alimwamuru avute. Kifuniko kikafunguka, ndege akaruka, bunduki ikalia. Klabu ya Hurlingham mjini London iliasisiwa mwaka 1869 kwa ajili ya mchezo huo, na ingawa iliuacha mwaka 1905, njiwa angali katika nembo yake. Katika mashindano ya Paris ya mwaka 1900, yaliyofanyika pamoja na Olimpiki, Mbelgiji Leon de Lunden alishinda kwa kuwaua njiwa 21. Mwaka 1921 Bunge la Uingereza liliharimisha kuwapiga ndege waliofungwa ili wafunguliwe mbele ya bunduki.

Lakini mbadala wa njiwa hai ulikwisha tafutwa zamani. Kwanza zilitumika tufe za kioo, ambazo Adam Bogardus alizipatia umaarufu nchini Marekani na ambazo Annie Oakley alizivunja kwa wingi mbele ya watazamaji, nazo zikaacha nyasi zimejaa vigae vya kukata miguu. Kisha mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Ohio, akapata hataza ya kisahani chake. Husimuliwa kwamba fikira hiyo ilimjia alipowatazama vijana wakirusha makombe juu ya maji, yakadunda na kuteleza. Ni mchezo ambao mtoto yeyote aliyekulia ufukweni haulizi maana yake. Kisahani chake cha kwanza kilikuwa cha udongo wa kuchomwa hasa, na kosa lake lilikuwa ni ugumu, kwani marisau yaliweza kukigonga na kukiacha kizima. Lami ilipochukua mahali pa udongo mambo yalitengenea, ila jina halikubadilika.

Siri yake ni mzunguko. Mkono wa mtambo una ukingo ambao kisahani husukumwa juu yake kwa kubiringika, hata kinapoachiliwa huwa kinazunguka kwa kasi kama pia, na mzunguko huo ndio unaokizuia kisipinduke, huku mgongo wake uliobinuka ukikiegemeza juu ya hewa. Mtambo wenyewe Waingereza wanauita mtego mpaka leo, na mpigaji bado hupaza sauti kwa neno lao lenye maana ya "vuta!", ilhali hakuna tena kamba ya kuvutwa bali kitufe cha umeme tu. Kisahani kikivunjika, mwamuzi hutamka kwamba amekufa. Hapo sarufi yetu huingia mashakani, maana tukisema "hiki kimevunjika" tumesema kweli, na tukisema "huyu amekufa" tumesema kama wachezaji wasemavyo. Nami nitafuata wachezaji.

Mtindo wa mashindano unaokaribia zaidi mawindo ya kweli ulizaliwa Uingereza, na Marekani ukapata chama chake mwaka 1989, ambacho makao yake yako San Antonio, Texas. Siku ya mashindano katika klabu ya kawaida, watu hutembea kwa vikundi katika njia ya msituni, bunduki zikiwa tupu na zimefunguliwa, masikio yamezibwa na macho yamekingwa kwa miwani, wakipita vituo 10 au zaidi mpaka kila mmoja ameitiwa njiwa 100. Aghalabu huja wawili wawili: pengine wote wawili pamoja, pengine wa pili hurushwa kwa mlio wa bunduki ya kwanza, kabla mtu hajapata hata kufurahi. Yuko anayepanda wima kama bata aliyeshtuliwa majini. Yuko mwembamba ambaye hupita akionyesha ukingo wake tu, karibu haonekani, kisha hujigeuza ghafula na kuanguka. Na yuko sungura, kisahani cha ukingo mnene kinachobiringika ardhini, kikigonga jiwe kinaruka, na kuharibu hesabu za hodari na mjinga sawasawa.

Hesabu zenyewe si ndogo. Bunduki ya namba 12, iliyopata namba yake kwa kuwa gololi 12 za risasi zilizolingana na kasiba yake zilikuwa na uzito wa ratli moja, hutoa marisau mia kadhaa kwa mpigo. Njiwa akipita ubavuni umbali wa mita 30, kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa, marisau huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kumfikia, na katika muda huo yeye amekwisha kwenda karibu mita 2. Basi anayemlenga njiwa humkosa, na anayelenga hewa tupu mbele yake, urefu wa mtu mzima, humpata. Wala hakuna anayepiga hesabu hiyo kwa akili pale kituoni, bali mikono huifanya baada ya mazoea ya miaka.

Nyuma yao hubaki vipande na risasi ardhini, na si jambo la kupuuzwa, kwani lami ya visahani ina sumu, na nguruwe waliovila vipande hivyo wamepata kufa. Ndiyo sababu wengine sasa hutengeneza visahani visivyo na lami.

Kanuni ni kwamba mwamuzi lazima aone kipande kikimeguka kwa macho yake. Vumbi peke yake halitoshi, wala hairuhusiwi kukiokota kisahani ili kukichunguza. Kwa hiyo anayepita nyasini jioni huweza kuokota kisahani kizima chenye tundu mbili za marisau, safi kama zilizotobolewa kwa keekee, na karatasini njiwa yule ameandikwa kwamba alikwenda zake.